Dakika Tatu Majini, Siku Nzima Nchi Kavu

Kabla hujanunua chochote, piga hesabu. Mtoto wa miaka minane au tisa anayeandikishwa kwenye mashindano yake ya kwanza ya kuogelea kwa kawaida hupangiwa mbio mbili au tatu: mita 50 mtindo huru, mita 50 chali, na labda mita 25 za kipepeo kama waandaaji wameziweka. Kila mbio itamchukua kama dakika moja, na akichoka ataizidisha kidogo. Kwa ujumla atakuwa majini dakika tatu. Sasa tazama upande wa pili. Kupasha misuli moto ni saa moja asubuhi, mbio za kwanza saa mbili, na za mwisho zinaweza kufika saa nane mchana. Muda wote uliobaki mtoto yuko nchi kavu. Anangoja, anatafuta choo, anasikiliza majina yakisomwa kwenye spika yenye mkwaruzo, anatetemeka ndani ya taulo bichi, anatazama watoto wakubwa wenye mabega mapana na kujiuliza kama yumo mahali pake.

Ndiyo maana nasema maandalizi ya mashindano ya kwanza si maandalizi ya kasi. Kasi hujengwa kwa miezi, na iliyokosekana hadi wiki ya mwisho haitapatikana katika wiki hiyo. Mtoto akizidishiwa mazoezi siku tatu kabla ya shindano ataingia majini na mabega mazito, basi. Kinachoweza kubadilika ndani ya wiki moja ni kiasi cha mambo atakayokutana nayo kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kila jambo geni utakaloliondoa mapema, iwe sauti ya filimbi, mpangilio wa foleni au kina cha bwawa, linampunguzia mzigo mmoja anapopanda kwenye jukwaa la kurukia. Mzazi anayeelewa hivyo atajiandaa tofauti na yule anayezunguka madukani kutafuta vazi la bei kubwa.

Ushahidi mzuri kuliko wote ulitokea Sydney, Septemba 2000. Katika mchujo wa mita 100 mtindo huru wa Olimpiki, kundi moja lilikuwa na waogeleaji watatu tu. Wawili kati yao waliruka kabla ya ishara na kuondolewa papo hapo. Akabaki Eric Moussambani wa Equatorial Guinea, aliyekuwa amejifunza kuogelea miezi michache tu kabla ya hapo na hakuwahi kuliona bwawa la mita 50. Aliogelea peke yake, akaelekea kuzama mita za mwisho, akafika kwa dakika 1 na sekunde 52.72 na kuhesabiwa mshindi wa kundi. Watu huisimulia habari hiyo kama hadithi ya moyo wa kutokata tamaa, nayo ni kweli. Lakini watazame wale wawili. Nao walikuwa wamesafiri hadi Olimpiki, na matokeo yao yalikwisha kabla hata maji hayajawagusa, kwa sababu ya kosa linalofanyika juu ya jukwaa. Kama jukwaa linaweza kuwamaliza watu wazima wanaowakilisha nchi zao, mtoto wa miaka minane ana haki ya kuonyeshwa mapema jinsi mambo yake yanavyokwenda.

Mfundishe basi filimbi, maana ndiyo lugha ya ukingoni. Mwamuzi mkuu hupuliza filimbi fupifupi mfululizo. Hiyo ni kuwaambia waogeleaji wavue nguo za juu na wajiweke tayari nyuma ya leni zao. Kisha hupuliza moja ndefu, nao wanapanda jukwaani. Katika mbio za chali, na za kupokezana zinazoanza kwa chali, hiyo ndefu ya kwanza ina maana ya kuingia majini, na ndefu ya pili ni kurudi ukutani na kushika vishikio. Baada ya hapo mwanzishaji anasema "Take your marks," na amri hiyo hutolewa kwa Kiingereza hata kama kila aliyesimama ukingoni ni Mswahili wa Mombasa au Tanga. Mtoto anainama, mguu mmoja angalau ukiwa mbele ya jukwaa, anatulia tuli, na mlio unapotoka ndipo anaruka. Anayeondoka kabla ya mlio anafutiwa. Hakuna onyo la kwanza wala nafasi ya pili. Mfuatano huu unaweza kuuigiza sebuleni jioni nne au tano. Wewe uwe mwamuzi, kijiko na sufuria viwe king'ora, mtoto asimame kwenye ukingo wa zulia. Mara moja moja mcheleweshee mlio, umwache ameinama sekunde tatu, nne, tano, ajue kwamba kungoja ni sehemu ya mchezo. Inachekesha, na ni vizuri ichekeshe, kwa sababu jambo ambalo mtoto ameshalicheka nyumbani halimtishi tena likitokea mbele ya watu mia mbili.

Baada ya kuruka, yanayomfutia mtoto matokeo ni machache na yanajulikana. Katika kipepeo na katika mtindo wa kifua, ule ambao watoto wengi huuita chura, mikono yote miwili sharti iguse ukuta kwa pamoja, kwenye kugeuka na kwenye kumaliza. Mtoto mchovu hunyoosha mkono mmoja kwa sababu ndio ulio karibu, na hapo dakika yake nzima ya jasho inapotea. Katika chali, anapomaliza sharti auguse ukuta akiwa bado mgongoni. Kosa la kawaida ni mtoto kugeuza kichwa kutafuta ukuta, mwili ukafuata, akajikuta anamaliza kifudifudi. Ndiyo sababu ya zile bendera ndogo zilizotundikwa juu ya maji mita 5 kabla ya ukuta. Mtoto huhesabu mikupuo ya mikono kutoka kwenye bendera hadi ukutani, na akishaijua idadi yake hana haja ya kutazama nyuma. Idadi hiyo ni yake mwenyewe, si ya rafiki yake, kwa hiyo aihesabu mara nyingi mazoezini na tena asubuhi ya mashindano, maana huenda bendera za bwawa la ugenini hazikufungwa vizuri kama za kwao.

Upande wa mtindo huru kanuni ina huruma ambayo wazazi wengi hawaijui. Mtoto akiishiwa pumzi anaruhusiwa kusimama chini akapumua, ilmradi asitembee, na ilmradi asijivute kwa kamba ya leni. Mwambie hivyo kwa maneno mepesi: ukichoka, simama, pumua, endelea kuogelea. Wako wanaodhani kumwambia mtoto hivyo ni kumruhusu kushindwa. Mimi naona kinyume chake. Mtoto anayejua kwamba mlango wa dharura upo mara nyingi hauhitaji, lakini asiyejua atang'ang'ania kamba kwa woga na afutiwe kwa jambo ambalo kanuni ilikuwa tayari kumsamehe.

Hapa nategemea pingamizi la kwanza, nalo lina mantiki. Mtu atasema kwamba kanuni ni kazi ya kocha, na kwamba mtoto hujifunza kwa kukosea, hivyo aachwe akafutiwe mara moja naye hatarudia. Ni kweli kocha ndiye mwalimu, nami sishauri mzazi kumsahihisha mtoto mkupuo wa mkono au upigaji wa miguu. Hayo mwachie mwenyewe. Lakini kocha mwenye watoto ishirini katika leni nne hana muda wa kumwigizia kila mmoja filimbi mara kumi. Kuhusu kujifunza kwa kosa, inategemea ni kosa gani. Mtoto aliyeanza kwa kasi mno akaishiwa nguvu amepata somo analolielewa, kwa kuwa amelihisi mwilini. Aliyefutiwa kwa kugusa ukuta kwa mkono mmoja hakuhisi chochote. Aliogelea, akamaliza, akafurahi, kisha karatasi ubaoni ikamwambia hakuogelea. Somo analolipata hapo ni kwamba mchezo huu una watu wenye kalamu wanaomnyang'anya mtu furaha, na lile la mikono miwili halimo kabisa. Ikitokea pamoja na maandalizi yote, na hutokea, mweleze kosa lilikuwa nini kwa sentensi moja, mwambie muda aliotumia majini ulikuwa wake hata kama haukuandikwa, na mwende mkale.

Bwawa lenyewe nalo linaweza kuwa jambo geni. Mashindano mengi ya Dar es Salaam hufanyika kwenye mabwawa ya shule, na bwawa la mita 25 lina maana kwamba mita 50 ni kwenda na kurudi. Mtoto aliyezoea hivyo akipelekwa Kasarani, Nairobi, kwenye bwawa la mita 50 lililojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, atakuta umbali uleule hauna ukuta katikati. Ule ukuta ulikuwa unampa msukumo wa miguu na nusu pumzi ya kupumzika, na kuukosa kunachosha kuliko mtu mzima anavyodhani. Nairobi pia iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo mtoto wa pwani atahisi pumzi inakatika mapema. Mwambie kabla, ili asidhani ameugua. Na mwezi Julai asubuhi ya Nairobi ni baridi ya kweli. Mtoto wa Mombasa aliyeletwa na kaptura na fulana atakuwa ametumia nguvu zake zote kutetemeka kabla ya kuitwa. Maji huondoa joto mwilini haraka mno kuliko hewa, na mtoto mwembamba hupoa upesi, hivyo kila anapotoka majini akaushwe, avae sweta, soksi na kofia ya kichwani. Dar es Salaam shida ni nyingine, jua na fukuto. Huko kinachotakiwa ni kivuli, kofia pana, na maji ya kunywa yasiyokatika, kwa kuwa mwogeleaji naye hutoka jasho ingawa halioni.

Ikiwezekana, mpeleke alione bwawa siku moja kabla, au mfike mapema asubuhi muda wa kupasha misuli moto ukiwa haujaanza. Atembee ukingoni, aone choo kilipo, aone leni namba moja iko upande gani, asimame kidogo nyuma ya jukwaa. Muulize kocha kina cha maji upande wa kurukia. Kanuni za kimataifa zinataka kina kisichopungua mita 1.35 mbele ya majukwaa, na mtoto ambaye bado hajafundishwa vizuri kuruka kutoka juu asilazimishwe kwa ajili ya sura. Mashindano ya wanaoanza mara nyingi humruhusu kuanzia ukingoni au ndani ya maji, mradi kocha ameomba mapema. Wakati wa kupasha misuli watoto huingia kwa miguu, wakishika ukingo, na kuruka hufanyika kwenye leni zilizotengwa tu. Hilo ni sharti la usalama, na ni moja ya machache ambayo napendelea mzazi ayarudie hadi achoshe.

Chakula nitakieleza kifupi kwa kuwa ni rahisi, ingawa huharibiwa mara nyingi. Mafuta huchelewa kutoka tumboni. Maandazi, chapati za mafuta na chipsi mayai ni chakula kizuri jioni baada ya mashindano na kibaya asubuhi yake. Uji, mkate, ndizi au viazi vitamu vya kuchemsha, saa mbili hadi tatu kabla ya mbio ya kwanza, vinatosha. Katikati ya mbio ale kidogo kidogo: ndizi mbivu, tende chache, chungwa. Vile vinywaji vya kopo vya kuchangamsha mwili visiingie kabisa kwenye begi. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilisema wazi mwaka 2011 kwamba havina nafasi katika lishe ya mtoto, na hata pasingekuwa na daktari wa kusema hivyo, mtoto mwenye wasiwasi hahitaji kitu cha kumzidishia mapigo ya moyo. Usimpe siku hiyo chochote ambacho hajawahi kula kabla ya mazoezi.

Kanuni hiyohiyo ya kutoanzisha jambo jipya ndiyo inayotawala vifaa. Miwani mipya ya kuogelea iliyonunuliwa jana ni hatari kuliko ya zamani yenye mikwaruzo, kwa sababu hujui mkanda wake unakaaje anaporuka. Katika fainali ya mita 200 kipepeo, Beijing 2008, miwani ya Michael Phelps ilijaa maji, akaogelea karibu bila kuona, akihesabu mikupuo hadi ukutani, na bado akashinda kwa rekodi ya dunia. Aliweza kwa kuwa mikupuo yake alikuwa ameihesabu kwa miaka. Mwanao hana miaka hiyo, basi awe na miwani miwili iliyozoeleka, na siku moja mazoezini kocha amwogeleshe urefu mmoja miwani ikiwa imeshuka shingoni, ajue kwamba dunia haiishi. Kuhusu mavazi ya mashindano, yale ya kubana yenye bei ya kumkatisha mtu usingizi, jibu ni jepesi: mtoto hayahitaji. Shirikisho la dunia lilipiga marufuku mavazi ya plastiki ya mwili mzima kuanzia Januari 2010 baada ya rekodi kuvunjwa ovyo kwa miaka miwili, na chama cha kuogelea cha Marekani kikaenda mbele zaidi mwaka 2020 kwa kuwazuia watoto wa miaka 12 kushuka chini wasivae hata yale ya kitaalamu yaliyobaki. Nchi yenye pesa nyingi kuliko zote katika mchezo huu imeona kwamba mtoto wa miaka kumi anahitaji kujifunza kuogelea, na vazi halimfundishi. Sisi tutamkopea ya nini?

Kwa wasichana kuna mambo mawili ambayo yasipotatuliwa mapema humaliza shindano kabla halijaanza. Moja ni nywele. Mwenye rasta au nywele nyingi hatoshei kwenye kofia ya kawaida. Zipo kofia kubwa zilizotengenezwa kwa ajili hiyo, na zile ambazo shirikisho la dunia lilizikataa mwaka 2021 lilikuja kuziidhinisha Septemba 2022. Kama huipati, msuke nywele za kulala kichwani siku mbili kabla, si usiku wa mwisho kichwa kikiwa bado kinauma. La pili ni sitara. Kule Nungwi, kaskazini mwa Unguja, wasichana wamefundishwa kuogelea wakiwa na mavazi yanayofunika mwili wote, kwa hiyo hoja kwamba stara na kuogelea haviendani haina mashiko. Ila kanuni za mashindano zina maelezo kuhusu vazi linavyotakiwa kuwa, na waandaaji hutofautiana katika kuruhusu. Andika uulize, wiki kadhaa kabla, na jibu ulipate kwa maandishi. Msichana asifike nyuma ya leni yake ndipo mtu aanze kumjadili mwili na nguo mbele ya wenzake.

Yapo makaratasi pia. Ukubali usikubali, huanza kwenye cheti cha kuzaliwa. Uliza umri unahesabiwaje: mashindano mengine huchukua umri wa siku ya kwanza ya shindano, mengine umri atakaokuwa nao tarehe 31 Desemba, na tofauti hiyo inaweza kumhamisha mtoto kundi zima. Orodha ikitoka, tafuta jina lake, namba ya mbio, namba ya kundi na leni, kisha asubuhi mwandikie mkononi kwa kalamu ya wino usiofutika na maji. Karatasi hulowa, simu huzimika, mkono upo naye hadi jukwaani. Mfundishe kuisoma mwenyewe, kwani kwenye eneo la kuitiwa wazazi hawaingii, na msaidizi aliyezungukwa na watoto thelathini atamuuliza "leni ngapi?" akitaka jibu la haraka.

Sasa lile pingamizi zito. Wapo wazazi, na makocha pia, watakaosema haya yote ni kumlea mtoto kwa pamba: mashindano ni mashindano, asipofundishwa kutaka kushinda tangu siku ya kwanza hatafika popote. Siupuuzi mtazamo huu. Mtoto anapenda kushinda bila kufundishwa, na hakuna ubaya akitaka medali. Ubaya ni mzazi kuamini kwamba nafasi ya mtoto katika shindano la kwanza inamwambia jambo la maana kuhusu kesho yake. Angalia makundi yenyewe. Katika kundi la miaka tisa na kumi, aliyetimiza tisa juzi anaogelea na atakayetimiza kumi na moja kesho kutwa. Tofauti yao inakaribia miaka miwili, na kwa mtoto wa miaka tisa hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya tano ya maisha yake yote, na ni sentimita kadhaa za urefu wa mkono. Watafiti wa Kanada waliligundua jambo hili katika miaka ya 1980 kwa wachezaji wa mpira wa magongo wa kwenye barafu. Timu bora za vijana zilijaa waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka, si kwa sababu Januari huzaa vipaji, bali kwa sababu makocha walikuwa wanachagua ukubwa na kuuita kipaji. Kisha ukaja ubalehe, ambao hauna adabu ya kuwajia wote siku moja. Kwa hiyo unaposhinikiza nafasi, unamshinikiza mtoto juu ya jambo ambalo sehemu yake kubwa ni tarehe ya kuzaliwa.

Kinachopimika kwa haki ni mtoto dhidi yake mwenyewe, na katika shindano la kwanza hata hicho hakipo, kwa kuwa hana muda wowote ulioandikwa. Malengo basi yawe ya aina ambayo yako mikononi mwake: asimame tuli kwenye amri, aguse kwa mikono miwili, amalize. Mawili yanatosha, matatu ni mengi. Ukimpa lengo la sekunde, umempa jambo ambalo hawezi kulidhibiti siku ambayo tayari haidhibiti.

Na wewe ujidhibiti. Mtoto aliye majini karibu hasikii maneno. Masikio yake yapo chini ya maji sehemu kubwa ya mbio, na anachokipata ni kelele isiyo na herufi. Kwa hiyo maelekezo yako ya "vuta mkono! piga miguu!" yanasikiwa na majirani zako tu. Shangilia, hilo ni zuri, lakini usitembee ukingoni ukimfuata sambamba, kwa kuwa kanuni zinakataza kumwongoza mwogeleaji mwendo kutoka nje, na kwa kuwa unawaziba wapima muda. Afadhali ujitolee kuwa mmoja wao. Mashindano mengi ya watoto hukosa watu wa kushika saa, na mzazi aliyeshika saa nyuma ya leni namba tatu ana kazi ya mikono, anaelewa mchezo kwa siku moja kuliko kwa mwaka wa kukaa kwenye viti vya watazamaji, na hana nafasi ya kumkodolea mwanawe macho ya wasiwasi.

Itabaki hofu. Mtoto anaweza kuamka asubuhi akasema tumbo linauma na hataki kwenda. Usimwambie haogopi, maana anajua anaogopa. Mwambie kwamba moyo kwenda mbio na tumbo kusokota ni mwili unaojiandaa, na kwamba wale wakubwa wenye mabega mapana nao wanausikia. Kisha mpe hatua ndogo: tufike tu, tuingie kupasha misuli, halafu tutaona. Wengi wakishalowa husahau. Lakini akifika nyuma ya jukwaa akakataa kabisa, akalia, akashika nguo yako, mtoe. Wapo watakaosema umemfundisha kukimbia. Mtoto aliyerushwa majini kwa nguvu mbele ya watu hujifunza kwamba mashindano ni mahali ambapo neno lake halisikiki, na mtu haendi tena mahali hapo kwa hiari yake. Mbio za pili zipo saa moja baadaye, shindano jingine lipo muhula ujao.

Akimaliza, muulize kwanza alionaje, kisha nyamaza umsikilize. Uchambuzi ni wa kocha, nao ni wa siku ya mazoezi, haufai ndani ya gari mkirudi nyumbani na mtoto ana njaa. Jioni, chipsi zikishaliwa, toeni daftari dogo. Aandike mwenyewe tarehe, bwawa, urefu wa bwawa, mbio na muda. Kwenye orodha ya leo jina lake lilikuwa na herufi N na T mahali pa muda, alama ya asiye na rekodi, na ndiyo sababu huenda aliwekwa kundi la mwanzo, leni ya pembeni karibu na ukuta wenye mawimbi. Mkijaza fomu ya shindano lijalo, mwambie alete daftari lake na anakili sekunde zake kwa mkono wake. Safari hiyo waandaaji watampanga na wenye kasi kama yake.